Tumbo Likisema Basi

Ramadhani iliyopita nilialikwa futari kwa jamaa zangu Diani, si mbali na Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapokutana na bahari. Msomaji mpenzi, futari ya Pwani waijua: tende, uji wa pilipili manga, kaimati, muhogo wa nazi, mbaazi na samaki wa kupaka. Tulipokwisha sali Magharibi tukarudi kwenye sinia, nami nikala mpaka kuvuta pumzi kukawa taabu.

Shangazi yangu alikula matonge machache, akanawa.

"Shangazi, mbona mapema? Hujala kitu!"

"Nimetosheka, mwanangu."

"Umejuaje?"

Akacheka. "Tonge la kwanza lilikuwa tamu. Hili la mwisho nimelila kwa macho tu. Na wewe, ulikuwa ukila nini?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Tangu mke wangu alipofariki, nilikuwa na mazoea ya kuamka usiku na kufunua sufuria. Njaa sikuwa nayo. Nilikuwa nikila upweke. Daktari aliponiambia nina maradhi ya sukari, nikajipiga marufuku mahamri. Siku ya tatu nikala sita kwa siri, kama mtoto mdokozi.

Kumbe jambo hili lina elimu yake. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walitoa kitabu juu ya kula kwa kuusikiliza mwili. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Tracy Tylka alilipima jambo hilo kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, akaligawa mafungu matatu: kujipa ruhusa ya kula uonapo njaa, kula kwa haja ya mwili, si kwa huzuni wala ghadhabu, na kuziamini ishara za njaa na shibe. Wenye sifa hizo walionekana pia kujithamini zaidi na kuridhika na maisha.

Fungu la kwanza lilinistaajabisha. Je, marufuku si ndiyo dawa? Lakini huko Minnesota, mwaka 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Wakawa hawana mazungumzo ila chakula; wengine wakawa wakisoma vitabu vya mapishi; na walipofunguliwa, baadhi yao walikula wasitosheke. Ndipo nilipoyafahamu mahamri yangu sita.

Msomaji ataniuliza: na saumu je, si marufuku? La. Saumu ina nia na ina mwisho wake. Magharibi ikiingia, ruhusa imerudi. Mja hufunga kwa ibada, si kwa kuuchukia mwili wake. Chuoni tulifundishwa kuligawa tumbo kwa theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Wala mwalimu hakutupa mizani. Theluthi huipima mwenye tumbo.

Walakini sisi wenyewe huiziba sauti hiyo kwa ukarimu wetu. Mgeni akinawa, twamwambia hajala. Naye kwa haya hurudisha mkono siniani. Mtoto akisema ameshiba, twamlazimisha amalize sahani. Akiwa mtu mzima, sauti ya tumbo lake ataisikia wapi?

Dawa za sukari sikuziacha, wala ushauri wa daktari, maana tumbo si tabibu. Lakini usiku, kabla ya kufunua sufuria, hujiuliza: hii ni njaa, au ni yeye? Ikiwa ni njaa, nala bila ya haya. Ikiwa ni yeye, namsomea Fatiha, nalala. Sisemi kwamba nashinda kila usiku.

Nawe, ndugu msomaji, mgeni wako akinawa mikono, sema alhamdulillahi pamoja naye, umpe kitambaa afute.