Asidi ya kwenye losheni: je, inaunguza ngozi?

Ukisikia asidi, huenda ukakumbuka maji ya betri. Lakini si kila asidi ni kali hivyo. Asidi ya laktiki, inayowekwa kwenye losheni nyingi, ndiyo inayoyapa maziwa mgando uchachu wake. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Leo viwanda huipata kwa kuchachusha sukari, kwa mfano ya mahindi au miwa.

Inafanyaje kazi?

Juu ya ngozi kuna seli zilizokufa ambazo zimeshikana. Asidi hii huzilegeza, zikabanduka na ngozi ikawa laini. Pia husaidia ngozi kutunza unyevu.

Je, nipake ndimu badala yake?

Hapana. Ndimu ni kali zaidi, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na mabaka.

Tahadhari

Asidi ya laktiki nayo huifanya ngozi iungue na jua upesi. Ipake usiku; ukienda shambani vaa kofia na nguo ya mikono mirefu. Jaribu kidogo kwanza ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Usipake penye kidonda. Ikikuwasha, nawa kwa maji mengi na uache. Hali ikizidi, nenda zahanati.

Na anayekuahidi weupe wa haraka, mwogope: baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo hudhuru figo.