Mafundisho ya Darasa la Tano katika Shule za Kikatoliki za Tabora

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wazazi wengi huliona kila jioni mtoto arudipo nyumbani na madaftari yake, lakini wachache hupata nafasi ya kuliangalia vema: mtoto wa darasa la tano katika shule ya Kikatoliki hufundishwa nini? Nitachukua mfano wa Tabora, kwa kuwa katika mji ule kazi ya misheni ya kufundisha watoto ilianza mapema sana, na kwa kuwa njia ya kale ya misafara haikupita mjini tu, bali imeingia hata ndani ya masomo yenyewe.

Kwanza yafaa tujue darasa la tano ni kituo gani katika safari ya elimu, maana kituo hicho kimehama mara nyingi. Zamani za utawala wa Waingereza lilikuwa mlango mwembamba. Shule nyingi za vijijini zilikoma darasa la nne, na mtoto alisoma humo kwa Kiswahili, karibu na kwao, akirudi jioni kuwasaidia wazee kurudisha ng'ombe. Wachache waliochaguliwa kuendelea walifunga blanketi na sufuria, wakaenda kulala katika shule ya mbali, na huko Kiingereza kikaanza kushika mahali pa Kiswahili. Hivyo mtoto aliacha nyumba na lugha kwa pamoja. Tabora palikuwa mahali pakubwa pa watoto wa namna hiyo. Julius Kambarage Nyerere alitoka shule ya Mwisenge, Musoma, akaingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937. Naye baada ya masomo ya Makerere alirudi mji ule ule kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote, hata darasa la saba. Na kwa sheria ya mwaka 1969 shule za misheni zikatwaliwa na serikali. Ndipo mlango wa lugha ulipohama kutoka darasa la tano, ukawekwa kwenye kidato cha kwanza. Tangu miaka ya 1990 majimbo na masista wakaanza tena kufungua shule za msingi zao wenyewe, nazo nyingi hufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo siku hizi watoto wawili wa nyumba moja waweza kuwa wote darasa la tano, mmoja akasoma sayansi kwa Kiswahili na mwenziwe akaisoma kwa Kiingereza, nao wakashindwa kusaidiana usiku mbele ya taa. Hili si jambo dogo, nami nitalirudia.

Tena mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Watoto wa darasa la tatu wa mwaka ule ndio wafikao darasa la tano mwaka 2026, nao elimu yao ya msingi itakoma darasa la sita badala ya la saba. Darasa la tano, lililokuwa zamani mwanzo wa masomo ya juu, kwao ni darasa moja kabla ya mwisho.

Katika mtaala huo mtoto hujifunza Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, na Historia ya Tanzania na Maadili. Shule ya Kikatoliki huongeza mafundisho ya dini yake. Mtu akiyasoma majina hayo ataona kwamba padre au sista hana hesabu yake mwenyewe wala sayansi yake mwenyewe: mtaala ni wa serikali, na mtihani ni ule ule wanaofanya watoto wa shule zote. Tofauti haimo katika orodha ya masomo, imo katika namna ya kuyafundisha, na katika mambo ambayo mwalimu huthubutu kuyasema.

Chukua hesabu. Mtoto wa umri huu amekwisha toka katika kujumlisha na kutoa. Sasa hushindana na sehemu, desimali, asilimia, eneo na mwendo. Mwalimu wa Tabora hana haja ya kutafuta mifano mbali. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, ndilo jina la zamani la makao ya Waarabu wa Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Kutoka pwani mpaka hapo ni kama kilomita 800. Je, msafara ulikwenda kilomita ngapi kwa siku? Mtoto atagawanya, atapata karibu 6. Kisha, kama ana akili ya kuuliza, atashangaa: mbona kilomita 6 mimi huzitembea kabla jua halijawa kali? Naam, hapo hesabu imezaa historia. Msafara ulikaa siku nyingi bila kwenda: homa iliwashika watu, watawala wa njiani walidai hongo, chakula kilitafutwa na kununuliwa, wapagazi walitoroka na wengine wakatafutwa. Na kila mpagazi alichukua kama frasila mbili begani au kichwani, yaani kilo 32 hivi. Mwambie mtoto ainue mfuko wa unga wa kilo 25 ajaribu kuzunguka nao nyumba. Hatasahau hesabu hiyo upesi.

Jiografia hufuata nyayo zile zile. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka 1928. Mtoto akiichora njia ya gari moshi juu ya ramani, kisha akaichora njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Ujiji, ataona mistari miwili ikienda karibu pamoja, naye ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini mji wake uko ulipo. Sayansi nayo ina miombo, nyuki na asali ya Unyamwezi kwa kufundishia jinsi maua yanavyochavushwa, na mbung'o kwa kufundishia malale. Sitakawia hapo.

Somo ambalo ni zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni historia, kwa sababu katika Tabora habari hizo si za watu wa mbali. Katika benchi moja huketi watoto ambao wazee wao walifika mjini kwa namna mbalimbali: mmoja babu wa babu yake alikuwa mpagazi, wa pili wake alikuwa mfanya biashara kutoka pwani au Arabuni, wa tatu alikuja na bunduki, na wa nne mzee wake aliletwa amefungwa shingoni. Mwalimu afunguapo kitabu kwenye biashara ya pembe na watumwa, anafungua habari za nyumba zao wote.

Yako makosa mawili ambayo mwalimu aweza kuyafanya hapo. La kwanza ni kusema kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao, walioijua kazi yao na kujisifia, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Kosa la pili ni kinyume chake, kuifanya njia ile kuwa habari ya ushujaa na nyimbo tu, na kuwasahau waliopelekwa kwa nguvu, na wale waliolima mashamba ya wakubwa wa Unyanyembe bila ujira. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika sheria ya kuukomesha utumwa kabisa ilitoka mwaka 1922, na watu walioishi utumwani walikuwapo bado mjini wakati reli imekwisha fika.

Na shule ya Kikatoliki ina neno lake la kusema juu ya nafsi yake. Mapadre Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878. Walikuja kwa njia ile ile ya misafara, wakachukuliwa mizigo yao na wapagazi, wakalipa hongo kama wengine. Mjini wakagawanyika, baadhi wakaelekea Nyanza na Buganda, wengine Ujiji na ziwa la Tanganyika. Miaka michache baadaye wakajenga Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, na huko wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni katika sehemu zile. Kituo kile kiliachwa mwaka 1889 kwa sababu ya machafuko, na baadaye, mwaka 1925, pakawa na seminari kubwa.

Sasa neno kukombolewa lina sauti nzuri, lakini maana yake wakati ule ilikuwa kwamba padre alitoa mali akapewa mtoto. Mtoto wa darasa la tano ana miaka kumi au kumi na mmoja, naye si mjinga. Atauliza: je, yule mwuzaji hakufurahi kupata mnunuzi? Je, hakwenda kukamata mwingine? Swali hilo si la utovu wa adabu. Hata siku zile walikuwako wamisionari wa makanisa mengine walioogopa kwamba kununua ili kuweka huru kutawapa wafanya biashara sababu ya kuendelea. Kwa upande wa pili, muulize mtoto aliyekuwa amesimama sokoni kama angependa mapadre wabishane kwanza. Adrian Atiman, aliyeibwa utotoni karibu na Timbuktu, alikombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema kando ya ziwa la Tanganyika mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka uzee wake. Alikufa mwaka 1956. Watoto wake na wagonjwa wake wasingalikuwa na habari ya kusimulia kama hakuna aliyetoa bei yake. Mwalimu mwema huweka mambo haya mawili mezani, akawaacha watoto wapime. Mwalimu anayelificha la kwanza kwa kuogopa kuaibisha misheni huwafundisha watoto kwamba ukweli wa shule ni tofauti na ukweli wa nyumbani, na mtoto akikwisha kujua hivyo, huacha kuuliza.

Na sasa narudi kwenye lugha, kama nilivyoahidi. Katika shule hizi zinazofundisha kwa Kiingereza, somo moja la maarifa limebaki kwa Kiswahili mbali na Kiswahili chenyewe, nalo ni hili la Historia ya Tanzania na Maadili. Wazazi wengine hulalamika, wakisema wamelipa ada kwa ajili ya Kiingereza. Mimi naona ni bahati. Mtoto akijifunza jinsi mvuke unavyogeuka maji kwa lugha asiyoisema nyumbani, hasara yake ni kwamba baba yake hawezi kumsahihisha. Lakini akijifunza habari za Mirambo aliyekufa mwaka 1884, au za Isike wa Unyanyembe aliyejilipua ndani ya boma lake mwaka 1893 asikamatwe na Wajerumani, kwa lugha ambayo bibi yake haisikii, basi bibi hana nafasi ya kusema, "Si hivyo, mjukuu wangu, sisi tuliambiwa hivi." Na bibi yule mara nyingine ana jambo ambalo kitabu hakina.

Juu ya dini nitasema kwa ufupi. Mtoto Mkatoliki wa darasa hili mara nyingi amekwisha pokea Komunio ya Kwanza, na mbele yake iko Kipaimara. Kwa hiyo mafundisho yake hutoka katika kujua sala kwa moyo yakaingia katika kueleza sababu. Hujifunza amri, sakramenti, habari za Injili na maisha ya watakatifu, wakiwamo Mashahidi wa Uganda, ambao wengi wao walibatizwa na mapadre wa msafara ule ule uliogawanyika Tabora, au na wenzao waliowafuata. Watoto Waislamu nao wamo katika shule hizi, kwa kuwa Tabora ni mji wao pia, na mzazi mwenye busara huuliza kabla ya kuandikisha mtoto, kipindi cha dini wataketi wapi na kufanya nini.

Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wa darasa la tano asifikiri lazima ajue Kiingereza au desimali. Siku ya Jumamosi amchukue mpaka Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, penye nyumba ya makumbusho mahali pa tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja watu watakaotumwa na Stanley kutoka pwani. Alingoja tangu Machi mpaka Agosti. Waende kwa miguu, wakiweza, na mtoto ahesabu dakika. Na kama njiani atauliza, "Baba, sisi tulikuwa nani katika misafara ile?", ajibiwe kwa kadiri baba ajuavyo, na lile asilolijua wakalitafute pamoja kwa wazee jioni ile ile.