Chanjo: Asilimia 100 kwenye karatasi si kinga kwa kila mtoto

HUTOKEA takwimu za chanjo zikaonyesha kwamba eneo fulani limechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Yawezekanaje?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dozi zilizoandikwa katika rejista za zahanati hugawanywa kwa idadi ya watoto wasiotimiza mwaka mmoja wanaokadiriwa kuishi katika eneo hilo. Makadirio hayo hutokana na sensa, ambayo nchini Kenya ilifanywa mwaka wa 2009 kisha 2019. Kati ya sensa mbili watu huhama, na idadi ya wanaozaliwa hubadilika.

Tuchukue mfano wa eneo linalokadiriwa kuwa na watoto 1,000. Zahanati zikiandika dozi 1,050, jibu ni asilimia 105. Lakini huenda watoto halisi ni 1,200, na 150 kati ya waliochanjwa walitoka maeneo jirani. Basi wenyeji waliochanjwa ni 900, yaani asilimia 75. Watoto 300 hawana kinga, na karatasi haiwaonyeshi.

Hatari yake ni kubwa. Ili kuzuia mkurupuko wa surua, yapasa asilimia 95 ya watoto wapate dozi mbili, ambazo Kenya hutolewa wakiwa na umri wa miezi 9 na 18.

Kuna njia ya kukagua isiyotegemea sensa: kulinganisha dozi ya kwanza ya penta, inayotolewa katika wiki ya 6, na ya tatu, ya wiki ya 14. Wakianza 1,000 na kumaliza 850, asilimia 15 wameachia njiani. Pengo linalozidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa dalili ya tatizo.

Njia nyingine ni kwenda nyumbani kwa watu na kukagua vijitabu vya kliniki. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 80 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chanjo daftari lipo, ila mtoto asiyewahi kufikishwa kliniki hamo ndani yake. Huyo hapatikani kwa kuhesabu dozi. Sharti atafutwe kijijini.