Popo wa Pemba na Masomo ya Elimu ya Viumbe

Kijana wa Wete aliyemaliza Kidato cha Sita na kufaulu vema katika Biolojia na Kemia huulizwa na wazee wake kama atasomea udaktari. Akijibu kwamba ataka kusomea elimu ya viumbe, hutazamwa kana kwamba amepotea njia. Watu wengi hudhani kuwa elimu hiyo ni kukariri majina ya Kilatini na kupasua vyura. Majina yapo, na vyura hupasuliwa. Lakini kazi yenyewe ni kuuliza swali liwezalo kujibiwa kwa ushahidi. Kwa kazi hiyo mzaliwa wa Pemba ana utajiri mlangoni pake.

Mfano mmoja ni popo mkubwa wa Pemba, ambaye mabawa yake yakitandazwa hupita mita moja na nusu. Mnyama huyu hapatikani popote duniani ila kisiwani humo. Mwaka 1909 alipewa jina la kitaalamu la Pteropus voeltzkowi. Jamaa zake wa jenasi hiyo wako Mafia, Komoro, Madagaska, India, na kuendelea hadi Australia; lakini katika bara la Afrika, lililo kilomita zipatazo 50 tu kutoka Pemba, hawana makazi. Je, sababu ni nini?

Nusu ya jibu imo baharini. Mkondo ulio kati ya Pemba na bara una kina cha mita zipatazo 800, hali ule wa Unguja haufiki mita 100. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wa zama za barafu, bahari ilishuka kwa kadiri ya mita 120. Unguja ikaungana na bara na wanyama wakapita kwa miguu, wakiwamo chui. Pemba ilibaki kisiwa. (Kima punju walioko leo katika msitu wa Ngezi, kaskazini ya Wete, walipelekwa na watu kutoka Unguja katika miaka ya 1970.) Kiumbe kilichotaka kufika Pemba kilibidi kiruke, kielee au kibebwe; na kilichofika kilitengana na wenzake, kikabadilika kidogo kidogo kwa vizazi vingi. Ndivyo walivyopatikana popo huyu, ndege wanne wasiopatikana kwingine, na mpapindi, mti wa jamii ya minazi.

Nusu ya pili, yaani kwa nini popo hawa hawakustawi bara, ingali uwanja wa mjadala. Mwanafunzi wa chuo kikuu hufundishwa namna ya kuuingia mjadala huo: kulinganisha mifupa na chembe za urithi, kuchunguza makapi ya matunda ambayo popo huyatema baada ya kufyonza maji yake, na kufanya hesabu.

Zamani masomo haya yalimlazimu kijana kuvuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001. Kazi nazo zipo: huko Wawi, Chake Chake, maabara ya Ivo de Carneri huchunguza minyoo na kichocho, maradhi yasiyoweza kupigwa vita pasipo kuyajua maisha ya konokono na vimelea.

Kuhusu popo, hesabu ndiyo iliyowaokoa. Kwa sababu ya kuwindwa kwa ajili ya nyama na kufyekwa kwa misitu, walikuwa karibu kutoweka kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 1996 waliandikwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa. Wanavijiji, kama wale wa Kidike, walipoanza kuyalinda makao yao, idadi iliongezeka tena. Lakini jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo popo waliouawa kwa msimu mmoja huchukua miaka mingi kurudishwa. Hesabu hufanywa magharibi, popo watokapo mitini kwenda kula. Huhitaji macho makali, daftari, na mtu akaaye karibu kiasi cha kuirudia kila mwaka.