Jangwa Si Mchanga

Mtu akikitazama kilima cha Wazo wakati wa kiangazi, pale panapochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, husema, "Hapa pamekuwa jangwa." Mimi nakataa. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na jangwa, kwa kipimo cha wataalamu wengi, ni nchi isiyofikisha milimita 250.

Kwa hiyo kinachopimwa ni mvua, si mchanga wala joto. Antaktika, iliyojaa barafu, ndiyo jangwa kubwa kuliko yote duniani. Sahara yenyewe sehemu kubwa ni mawe na changarawe. Hewa inayopanda huku kwetu Ikweta na kutuletea mvua huenda kushuka kule, na pia Uarabuni. Ikishuka hupata joto, mawingu yakakosa nafasi. Namib na Atacama ziko kando ya bahari, lakini maji baridi ya bahari hiyo hupoza hewa. Ukungu hufika, mvua haifiki. Gobi iko mbali na bahari, tena imezibwa na milima.

Jirani zetu Kenya wanalo jangwa la Chalbi, huko Marsabit, tambarare ya chumvi mashariki ya Ziwa Turkana. Sisi Tanzania hatuna. Hata Dodoma, inayosingiziwa sana, hupata zaidi ya milimita 500.

Lakini ardhi inaweza kufa huku mvua inanyesha. Kondoa iliharibiwa na ukataji miti, kilimo cha miteremkoni na mifugo mingi, mpaka udongo ukachukuliwa na maji yakabaki makorongo mekundu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Matuta na miti peke yake havikutosha, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Amri ile ilikuwa chungu: mfugaji huondolewa ng'ombe wake kama mfanyakazi anayenyang'anywa akiba ya benki. Hata hivyo nyasi na vichaka vilirudi katika miaka michache tu, kwa sababu mvua ilikuwapo siku zote. Baadaye ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa tena, ila wafungwe zizini na kukatiwa majani.