Ukoo wa Jeni Unaookoa Mpunga Uliozama

Mpunga ni mmea wa majimaji, lakini hauwezi kuishi muda mrefu ukiwa umezama wote. Shamba likifunikwa kabisa kwa juma moja au zaidi, mpunga wa kawaida hufa, na mwanachama aliyekopeshwa pembejeo hubaki na deni pasipo mazao ya kulilipia. Wakulima wa bonde la Rufiji, ambako mto ulifurika mwaka 2024, wanaielewa vema hasara ya namna hiyo. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama wafahamu kwa nini aina nyingi za mpunga hufa na chache huokoka.

Kila mbegu imebeba maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Jeni zenye asili moja na zinazofanana kwa umbo huhesabiwa kuwa ukoo mmoja. Katika mpunga umo ukoo uitwao ERF, wenye jeni zaidi ya 100. Jeni za ukoo huu ni kama wanyapara: huziamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Baadhi yake huamka mmea unapopatwa na shida, kama vile ukame, chumvi au mafuriko.

Ishara ya mafuriko ni gesi ya ethilini, ambayo mmea huitengeneza wenyewe. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayoivisha ndizi zilizovundikwa. Mmea ukiwa hewani, gesi hutoka na kupotea. Ukizama, maji huizuia, nayo hujaa ndani ya mmea. Hapo mpunga wa kawaida hurefuka upesi ili kutoa majani juu ya maji. Mafuriko yakidumu, akiba yake ya chakula humalizika, na maji yakipungua huanguka ukiwa dhaifu.

Huko Orissa, nchini India, ilikuwapo aina iliyochaguliwa kutoka katika mbegu za asili za wakulima, ikaitwa FR13A. Mavuno yake yalikuwa haba, lakini ilistahimili kuzama kwa majuma mawili hivi. Mwaka 1996 wataalamu Kenong Xu na David Mackill walionyesha mahali pa urithi huo katika kromosomu ya 9. Mwaka 2006, wakiwa pamoja na Pamela Ronald na wenzao, walitangaza kuwa jeni yenyewe ni Sub1A, ya ukoo wa ERF. Jeni hii huuamuru mmea usirefuke, bali utulie na kutunza akiba yake. Maji yakiondoka, mmea huchipua tena.

Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino waliiingiza jeni hiyo katika Swarna, aina iliyopendwa sana na wakulima wa India. Walifanya hivyo kwa kupandisha mimea na kuchagua miche kizazi baada ya kizazi. Mbegu hiyo, Swarna-Sub1, iliidhinishwa India mwaka 2009.

Mwaka huo huo wataalamu wa Japani walieleza juu ya jeni mbili nyingine za ukoo uo huo, Snorkel1 na Snorkel2, zilizomo katika mpunga wa maji ya kina kirefu. Hizi huamuru kinyume kabisa: mmea urefuke pamoja na maji, hata kufikia mita kadhaa. Agizo hili hufaa mahali ambapo maji hupanda polepole na kukaa miezi. Agizo la kutulia hufaa mafuriko ya ghafla yanayoondoka baada ya siku chache. Mbegu ya kutulia ikipandwa kwenye maji ya miezi, itaoza.

Basi, hakuna mbegu moja inayofaa kila bonde. Kabla ya kuagiza mbegu, kila chama kiandike katika daftari lake mambo matatu: maji ya mafuriko hupanda kiasi gani, hukaa siku ngapi, na huukuta mpunga ukiwa na umri gani. Bwana shamba aonyeshwe daftari hilo, naye ataweza kushauri kwa uhakika.

Aidha, mbegu za asili zisitupwe kwa sababu tu mavuno yake ni machache. FR13A nayo ilikuwa mbegu ya mavuno machache; lau wakulima wa Orissa wangaliiacha ipotee, jeni ya Sub1A isingalipatikana kutoka kwayo.