Kipimo cha mfukoni na mihogo ya Kibondo na Kasulu

KWA mkulima wa Kibondo au Kasulu, shamba la mihogo laweza kuonekana zuri hadi siku ya kuvuna. Akishang'oa ndipo anapokuta mizizi imeoza ndani, ina mabaka makavu yasiyofaa kwa ugali wala soko. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao dalili zake kwenye majani si za wazi kama za batobato.

Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey wa kituo cha Amani, Tanga. Kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa wa pwani tu, usioweza kuenea juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Dhana hiyo ilianza kuporomoka mwaka 2004, ulipoonekana katika nyanda za Uganda. Kibondo na Kasulu nazo ziko juu ya kimo hicho.

Virusi vyake huenezwa na inzi weupe, lakini masafa marefu huvisafirisha binadamu mwenyewe, anapompa ndugu au jirani pingili za kupanda. Ni ukarimu unaohamisha maradhi.

Hapo ndipo inapoingia kampuni ya Uingereza, Oxford Nanopore Technologies, iliyoanzishwa mwaka 2005. Kifaa chake, MinION, kina uzito wa takriban gramu 100 na huchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Ndani yake mna vitundu vidogo mno. Uzi wa vinasaba unapopita, mkondo wa umeme hubadilika, na kompyuta husoma mabadiliko hayo.

Mwaka 2017 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, akiwamo Dk. Joseph Ndunguru, wakishirikiana na Dk. Laura Boykin, walikitumia kupima mihogo ya wakulima. Majibu ambayo awali yalisubiriwa kwa miezi yalipatikana ndani ya siku mbili.

Si kifaa cha kila kaya, bila shaka. Kilipoingia sokoni mwaka 2015, seti ya kuanzia iliuzwa dola 1,000 za Marekani, na sehemu yake ya kusomea vinasaba huhifadhiwa kwenye jokofu na kuisha baada ya matumizi. Mahali pake ni mashamba ya kuzalisha mbegu, ambako sampuli chache zaweza kupimwa kabla pingili hazijapakiwa kwenye gari kwenda vijijini.